Hofu Isiyoonyeshwa: Sauti, Mwanga na Kamera katika Filamu za Zamani

Mwaka 1931, huko Ujerumani, Fritz Lang alitengeneza filamu yake ya kwanza yenye sauti akaipa jina la herufi moja tu, M. Inahusu muuaji wa watoto jijini Berlin. Mwanzoni mama anafua, anapika, anatazama saa ya ukutani. Ni saa sita mchana, na mwanawe Elsie anatoka shule. Tunamwona mtoto akidundisha mpira kwenye nguzo yenye tangazo la zawadi ya maki 10,000 kwa atakayesaidia kumpata muuaji. Kivuli cha mwanamume mwenye kofia kinaangukia tangazo hilohilo, na sauti ya upole inausifu mpira wa mtoto. Basi. Mauaji yenyewe hatuyaoni. Mama anaita jina la mwanawe, nasi tunaonyeshwa ngazi tupu, dari ya kuanikia nguo isiyo na mtu, na sahani mezani ambayo haijaguswa. Kisha mpira unabingirika kutoka kichakani, na puto alilonunuliwa linanasa kwenye nyaya.

Damu haipo, maiti haipo, wala kilio hakipo. Lakini vijana ninaowafundisha utengenezaji wa filamu hapa Iringa wakishatazama kipande hicho hawaulizi Elsie yuko wapi. Kila mmoja amekwisha kuliona tukio kichwani mwake, tena baya kuliko lolote ambalo Lang angeweza kulipiga picha. Ndilo ninalotaka tuliangalie leo: mabingwa wa zamani walijenga hisia kwa kumnyima mtazamaji.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo tunayoipuuza zaidi. M haina muziki wa kusindikiza. Ina hata vipande ambavyo havina sauti yoyote, si ya mtaa wala ya nyayo. Kinachotufuata ni mluzi wa muuaji, wimbo mfupi wa mtunzi wa Norway, Edvard Grieg. Tunausikia akimnunulia Elsie puto. Baada ya hapo mluzi ukianza tu, mwili unasisimka kabla hajatokea mtu. Na anayekuja kumtambua muuaji ni muuza maputo, ambaye ni kipofu: ameusikia mluzi uleule.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa amepanga tukio la bafuni katika Psycho (1960), mwanamke anapouawa akioga, lisiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika muziki hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadili uamuzi. Katika filamu nzima Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, bila ngoma wala tarumbeta. Kule bafuni fidla zinapigwa kwa sauti ya juu kabisa, uta ukikwaruza kwa mapigo mafupi mafupi, hata sikio halijui kama linasikia ala au mtu anayepiga yowe. Kisu karibu hakionekani kikigusa mwili, na kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, rojo la chokoleti lilitosha kuwa damu. Lakini linalonishika zaidi ni kinachofuata. Muuaji ameondoka, muziki umekoma, na bomba la bafu bado linamwaga maji. Kwa muda tunasikia maji tu. Hapo ndipo kifo kinapotuingia, kwa sababu maji yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Maji yale yangewekewa kinanda cha huzuni, tukio lingepoa palepale. Na hivyo ndivyo filamu zetu nyingi zinavyofanya. Kinanda kinaanza na majina ya waigizaji, kinapita chini ya kila mazungumzo, hakipumziki mpaka mwisho. Nasema hivi kwa kuwa nazipenda filamu hizi na ninajua vipaji vilivyomo. Mtazamaji anayeambiwa ahuzunike kila dakika hatimaye hahuzuniki hata inapostahili.

Wengi wetu tulikutana na filamu za nje katika vibanda umiza, zikiwa zimetafsiriwa, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya kila kitu. Kazi ya watafsiri hao naiheshimu, maana walizileta hadithi hizo kwa watu ambao wasingezielewa. Ila mtafsiri hupata tabu kukiacha kimya kipite. Anakijaza. Kizazi kizima kimejifunza hivyo kwamba kimya kwenye filamu ni pengo la kuzibwa, na naamini ndiyo sababu mojawapo ya kinanda kile.

Wakati huohuo, tuna utajiri wa sauti unaotusubiri. Usiku wa Mbeya una honi ya treni ya TAZARA. Mtu akiwa amekaa peke yake chumbani na honi ikasikika kwa mbali, chumba kinapanuka, na tunajua kuna watu wanaoondoka na yeye amebaki. Hakuna haja ya kuonyesha treni. Au chukua mvua yetu, inayoanza kama Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Ikipiga bati, waandaaji wengi hufunga kamera kwa kuwa maneno hayasikiki. Mimi ningewasihi wasifunge. Mume na mke wanaojaribu kuambiana jambo zito huku bati likiwazidi sauti, hilo tayari ni tukio.

Tuje kwenye mwanga. Studio za zamani zilimwangazia mwigizaji kwa taa tatu: taa kuu upande mmoja wa uso, taa hafifu upande wa pili ya kulainisha vivuli, na taa ya nyuma ya kumtenga na ukuta. Zima ile hafifu, nusu ya uso inazama gizani, na mjomba aliyeonekana mwema sasa ana siri. Ishushe taa kuu chini ya kidevu, uso unakuwa wa kutisha, kwa sababu tangu tuzaliwe tumezoea nyuso zinazoangazwa na jua kutoka juu. Koroboi iliyowekwa sakafuni hufanya kazi hiyohiyo. Lang aliondoka Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika madaraka, na mwaka uliofuata akafika Marekani. Yeye na wenzake waliokimbia waliufikisha ujuzi huo wa vivuli Hollywood.

Lakini msifikiri hofu inataka giza kila mara. Ousmane Sembène wa Senegal, katika La Noire de… (1966), alimweka Diouana, msichana wa kazi kutoka Dakar, katika nyumba ya Wafaransa yenye kuta nyeupe zinazong'aa. Mwanga umejaa kila pembe na hakuna pa kujificha. Karibu hasemi na mtu. Tunayoyasikia ni mawazo yake, kwa sauti iliyorekodiwa na mwigizaji mwingine. Weupe ule unakaba kuliko giza lolote.

Somo hilo linatufaa sana huku nyanda za juu. Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi Mbeya na Iringa. Macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Kwa tukio la mapenzi ni balaa. Kwa tukio la mtu anayefukuzwa kwao mbele ya ukoo, hakuna taa ya kukodi itakayolishinda jua hilo. Ukitaka ulaini, nenda Mufindi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai: mwanga unatoka kila upande na vivuli vinapotea.

Kuhusu kamera nitakuwa mfupi. Vijana hufundishwa kwamba ukimpiga mtu picha kutoka chini anaonekana mkubwa na mwenye nguvu. Ni kweli, mpaka utazame Citizen Kane (1941). Mwongozaji Orson Welles na mpigapicha wake Gregg Toland walitoboa sakafu ya studio ili kamera ishuke chini kabisa, na tukio lenyewe ni la Kane, mhusika mkuu, akiwa ameshindwa uchaguzi. Anaonekana jitu, lakini dari inamkandamiza kichwani na ofisi iliyomzunguka ni tupu. Pembe ileile ya ukubwa inatuonyesha mtu aliyekwisha. Pembe ya kamera haina maana yake peke yake. Inaipata kutokana na kilichomkuta mhusika muda mfupi kabla.

Kwa anayetaka kujaribu kwa simu yake, nashauri aanze hivi. Chagua tukio moja unalolipenda, ulitazame ukiwa umezima sauti, kisha ulisikilize ukiwa umefumba macho, uandike ulichokosa kila mara. Halafu, kila utakaporekodi, iwe chumbani Kihesa au kwenye misonobari ya Sao Hill, waombe wote wanyamaze na urekodi nusu dakika ya mahali penyewe kabla hamjaondoka. Kila mahali pana kimya chake. Ukifika kwenye kuhariri na kutaka kuondoa kinanda, ndicho utakachoweka badala yake, kwa sababu pasipo na sauti kabisa mtazamaji hudhani spika imeharibika.