Kwa nini kwenye kendo ukishangilia pointi wanaifuta?

Hivi ushawahi kuona ule mchezo wa Wajapani wa panga za mianzi, watu wamevaa kofia zenye nondo usoni na zile nguo pana za bluu, wanapiga kelele mpaka ukumbi unatetemeka? Hiyo ndo kendo. Sasa kuna kitu kinawachanganya sana wageni. Jamaa anapiga pigo safi, marefa wananyanyua bendera, pointi yake, afu anakunja ngumi juu kidogo tu kwa furaha, basi marefa wanaitana katikati wanateta, na pointi inafutwa. Kwenye mpira ukivua jezi unakula njano lakini goli linabaki goli, hawa wanalifuta kabisa.

Wengi watakwambia ni heshima kwa mpinzani. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya jibu, na ukiishia hapo utadhani Wajapani wanapenda tu kununa. Na wala shida sio kelele, maana mchezaji akipiga kichwa lazima apige ukelele wa kutaja alipopiga, "men!", asipotoa sauti pigo linahesabika halina roho.

Angalia pointi inavyopatikana. Marefa wapo watatu, wawili wakikubaliana imetoka. Mechi ya kawaida dakika 5, wa kwanza kufikisha pointi 2 kashinda. Pa kupiga ni pachache, kichwa, kifundo cha mkono, ubavu, na koo kwa kuchoma. Lakini kugusa peke yake sio kitu, unaweza ukamgonga mtu kichwani paa na marefa wasinyanyue hata kidole. Lazima upige kwa upande ambao ungekuwa makali kama ile shinai (ndo jina la ule mwanzi) ingekuwa upanga kweli, sauti na mwili na silaha viende kwa pamoja, na ukishapiga ubaki macho, unapita, unageuka, ncha inarudi kumwelekea mwenzio, uko tayari kama vile ndo kwanza mnaanza. Hiyo hali ya mwisho inaitwa zanshin, na kwenye sheria imo ndani ya maana yenyewe ya pointi. Kwa hiyo aliyekunja ngumi katoka kwenye pambano kabla hajamaliza pigo, pointi yenyewe ilikuwa haijakamilika.

Hii ina asili yake. Shinai na vifaa vya kujikinga vilishika kasi karne ya 18 ili wanafunzi wa upanga waweze kupigana kwa nguvu zote bila kuuana. Na kwa upanga wa kweli, mtu uliyemkata anaweza akawa bado amesimama, bado ana silaha mkononi, wewe unashangilia yeye anakumaliza. Mwanzi uliondoa hatari, sheria ikaibakisha kichwani.

Baadaye panga zenyewe zikaondoka, 1876 serikali ikapiga marufuku samurai kutembea nazo hadharani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliokuwa wameikalia Japani wakaizuia kendo mashuleni, kwa sababu ilikuwa imetumika sana kuwapa vijana moyo wa kijeshi, shirikisho la taifa likaja kuundwa 1952. Mwaka 1975 shirikisho hilo likaandika rasmi kwamba lengo la kendo ni kumjenga mtu.

Mi maneno ya "sanaa ya mapigano inajenga tabia" huwa siyaamini kirahisi, kila dojo (ukumbi wa mazoezi) inaandika hivyo kwenye tangazo na wakorofi wenye mkanda mweusi wapo kibao. Ila hawa jamaa wameiweka tabia mahali inapouma, kwenye pointi. Ile nusu sekunde baada ya kufanikiwa, ambapo wengi wetu tunalewa sifa, wao wanaifanyia mazoezi kila siku, hata pale mwenzako amekuachia kichwa makusudi ujifunze kupiga, bado unapita, unageuka, unajiweka sawa.

Na ukipanda juu ndo inazidi. Daraja la juu kabisa linalotolewa siku hizi ni dan ya 8, huruhusiwi kujaribu mpaka ufikishe miaka 46 na uwe umekaa na dan ya 7 miaka 10, na wanaofaulu ni kama mmoja kati ya mia. Kwenye huo mtihani hawahesabu nani kapiga mara nyingi, unaweza ukamtandika mwenzako na ukafeli wewe, kwa sababu wanaangalia ulivyosimama, ulivyomsukuma kwa utulivu mpaka akafunguka.

Sasa utaelewa kwa nini haipo Olimpiki, wakati judo iliingia tangu Tokyo 1964. Watu wengi wa kendo wenyewe hawaitaki huko, wanaogopa medali itakula kila kitu. Kwenye fensi, ule mchezo wa panga wa Ulaya, angalau taa inawaka silaha ikigusa, lakini kwenye kendo ungehitaji mashine ya kupima kama mtu kaendelea kuwa macho baada ya kupiga. Judo ya siku hizi mshindi anaruka, anapiga magoti, analia na kunyoosha mikono juu na medali yake iko palepale. Kwa upande wangu, acha kendo ibaki ilipo.