Kuongeza RAM mwenyewe hakuui waranti

Malalamiko kuhusu waranti za laptopu yanazidi kutufikia, na mengi yanafanana. Mteja kaongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mwenyewe, baadaye kibodi ikafa, akaambiwa hana haki tena kwa kuwa kifuniko kilishafunguliwa.

Waranti ni mkataba. Mipaka yake imo katika maandishi yake, haimo katika stika iliyobandikwa juu ya skrubu. Marekani, kwa mfano, sheria ya waranti ya mwaka 1975 inazuia kumlazimisha mteja kutumia vipuri vya chapa fulani ili waranti idumu, isipokuwa vikitolewa bure. Aprili 2018 kampuni sita zilionywa huko kwamba huenda zinakiuka hilo. Kwingine sheria hutofautiana, kwa hiyo soma waranti yako kabla ya kushika bisibisi.

Lakini uharibifu ulioufanya wewe ni wako. Klipu ya sloti (tundu la RAM) ikivunjika, au skrubu ikisahaulika ndani na kupiga shoti, usitarajie kulipiwa. RAM mpya nayo ina waranti ya aliyeitengeneza. Usimpelekee mtengenezaji wa laptopu.

Mwongozo wa huduma wa modeli yako utakuambia kama RAM inabadilishika. Laptopu nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi, na hapo hakuna la kufanya. Kwa RAM za kuchomeka, aina ya DDR4 ina pini 260 na ya DDR5 ina 262, na pengo kwenye ukingo wa kila moja liko mahali pake. Tumelisema mara nyingi mno: isipoingia, si ya hapo, usiikandamize!

Zima mashine kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kuweka DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa. Usizime.

Tunzeni RAM ya awali. Wengi huiuza siku hiyohiyo, kisha wanakosa ushahidi. Hitilafu ikitokea, rudishia RAM hiyo ya awali na ujaribu tena: hitilafu ikitoweka, chunguza RAM mpya, ikibaki, peleka laptopu ikiwa na RAM ya awali, pamoja na risiti, namba ya mfululizo na picha za kabla na baada. Ukiulizwa kama uliifungua, sema kweli. Wakikataa, omba majibu ya maandishi yenye tarehe, yanayotaja kifungu cha waranti na kueleza RAM ilisababishaje hitilafu hiyo. Jibu la mdomo tu ni vigumu kulifanyia kazi. Fahamu pia kwamba uchunguzi ukionyesha kosa ni lako, unaweza kudaiwa gharama za ukaguzi na matengenezo, hivyo uliza kiasi chake kabla ya kusaini fomu ya kupokelea.