Gorila akijipiga kifua, anasema nini?

Katika vijiji vinavyopakana na parki ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, kuanzia Miti hadi Katana, wananchi hutuuliza: gorila akijipiga kifua, anakuja kuua? Hapana. Mara nyingi anafanya hivyo ili asilazimike kupigana.

Dume aliyekomaa, yule mwenye mgongo wa rangi ya fedha, husimama kwa miguu miwili na kujipiga kwa viganja vilivyofunguka, si kwa ngumi kama sinema zinavyoonyesha. Vifuko vya hewa vilivyo kooni na kifuani huukuza mlio huo hadi ukasikika umbali wa kilometa moja hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa kwa gorila wa milimani nchini Rwanda, ulionyesha kwamba kadiri dume alivyo na mwili mkubwa ndivyo mlio wake unavyokuwa mzito. Basi dume mwingine aliye ng'ambo ya bonde, hata kama mianzi inamzuia kumwona mwenzake, anaweza kumpima kwa masikio tu na kuamua kama asogee au apite mbali. Wanyama hawa huzidi kilo 150 na wana chonge ndefu. Wakipambana kweli, majeraha yake yanaweza kuua.

Kelele hizo, hata hivyo, ni sehemu ndogo sana ya mazungumzo yao. Ukikaa karibu na familia inayokula utasikia hasa mguno mzito, mrefu na mtulivu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea. Maana yake: niko hapa, hakuna shida. Mmoja akiguna nyuma ya majani, mwingine huitika, na hivyo hawapotezani. Wafuatiliaji wetu, wakiwemo Batwa ambao walikuwa na ujuzi wa msitu huu muda mrefu kabla ya parki kuundwa mwaka 1970, huguna vivyo hivyo wanapokaribia, ili familia ijue nani anakuja. Miguno mifupi, mikali, inayofuatana kama kikohozi, ni karipio. Hupewa mtoto msumbufu, na hupewa mgeni aliyesogea mno. Ukiisikia, rudi nyuma.

Sokwe wana njia zao. Hupaza ukelele wa pumzi unaopanda hadi kuwa mayowe, na madume hupiga ngoma kwa mikono na miguu kwenye mizizi mipana ya miti.

Ikitokea umekutana na gorila pembezoni mwa shamba naye akakujia mbio, jua kwamba mara nyingi atasimama ghafla kabla ya kukufikia. Najua ni vigumu kuamini hilo wakati ardhi inatikisika. Lakini usikimbie, maana anayekimbia hufukuzwa. Chuchumaa, inamisha macho (kumkodolea ni kumchokoza), nyamaza, na akitulia ondoka polepole.

Tabia hiyohiyo ya kulinda ndiyo inayowaangamiza mbele ya bunduki. Mama na dume hawamwachi mtoto wao anaposhikwa. Kwa hiyo mtoto wa gorila anayeuzwa kwa siri mjini huwa ameacha maiti nyuma yake msituni, na mara nyingi si maiti moja. Kwa sokwe ni vivyo hivyo. Kituo cha kutunza wanyama cha Lwiro, kilichoanza mwaka 2002, kimejaa yatima wa namna hiyo, wengi wao sokwe.

Ukiletewa mtoto wa aina hiyo hapa Bukavu, usimnunue hata kwa huruma: pesa yako itamrudisha mwindaji msituni, na sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 inakataza. Wape taarifa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia parki. Wakati mkiwasubiri, mweke mahali palipotulia, mbali na mbwa na kelele, wala usiwape watoto wacheze naye. Mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kumuua.