Mtoto hodari anapotaka kuacha shule kubwa: muhula wa kwanza ndio wa kuangaliwa

Gredi ya 10 inapoanza Januari, mtoto aliyeongoza darasa lake Likoni, Jomvu au Kisauni huenda akaitwa shule ya C1, kundi la shule ambazo wengi bado tunaziita za kitaifa. Nyumbani huwa ni vifijo. Mtihani wa kwanza ukisahihishwa, amekuwa wa 187 kati ya 240. Mzazi anauliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Mara nyingi hajapatwa na lolote. Waliomzunguka ndio waliobadilika.

KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, ina masomo 9, kila moja hadi pointi 8, jumla 72. Shule ya C1 huwakusanya waliokaribia kilele cha hesabu hiyo, kisha ikawapanga upya kwa namba. Kati ya wanafunzi 240, 120 watakuwa nusu ya chini hata wote wakiwa hodari. Mtafiti Herbert Marsh alilionyesha jambo hili tangu miaka ya 1980, na tafiti za nchi nyingi zimemuunga mkono: wakiwa wawili wenye uwezo sawa, yule anayesoma kati ya wenye alama za juu zaidi ndiye anayejiona dhaifu zaidi. Madhara yake mara nyingi huja kwa mpangilio. Kwanza mtoto huacha kunyoosha mkono darasani, kisha huacha kupeleka daftari kwa mwalimu, kisha huanza kukosa vipindi vya somo linalomtisha kwa kusema kichwa kinamuuma. Alama hushuka mwisho. Mzazi anayengoja alama zishuke ndipo aje shuleni amechelewa hatua tatu.

Kwa hiyo, mihula miwili ya kwanza, wekeni namba ya darasani kando. Chukueni alama za somo moja moja, za mtihani wa kufungua, wa katikati na wa kufunga muhula, mzilinganishe na zake mwenyewe. Aliyetoka 41 hadi 52 katika kemia anapanda, japo namba haijasogea, kwa kuwa wenzake nao wanapanda.

Mizigo inayokutana Mombasa

Muhula wa kwanza wa pwani una ugumu wake. Januari hadi Machi ni joto la kaskazi, na bweni lililojaa vitanda vya ghorofa halipoi hadi usiku wa manane. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Na karo ya mwaka katika shule ya bweni ya daraja hili mjini Mombasa ni shilingi 53,554, ambayo nusu yake, 26,777, hudaiwa muhula huo huo.

Usingizi ndio unaoumia kwanza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimelizingatia hilo: prepu ya bweni, yaani muda wa kujisomea, ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, kulala ni saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Shule ikiongeza prepu ya alfajiri saa kumi na nusu, na taa zikizimwa saa tano, zinabaki saa 5 na nusu. Mtoto huyo anakaa mbele ya kitabu bila kuingiza kitu, mwalimu anamwona mvivu. Wa kutwa anayetoka Mtongwe naye, akiamka mapema ili awahi feri, asipewe kazi ya nyumbani ya kumkesha hadi saa sita. Wakati wa mfungo, somo zito liwekwe asubuhi, prepu ya baada ya tarawehe ifupishwe, na anayeamka daku apewe nafasi ya kulala kidogo mchana.

Kusoma usiku kucha, kwa vyovyote, hakulipi. Katika jaribio la watafiti Roediger na Karpicke la 2006, waliosoma maandishi kwa vipindi vinne walikumbuka takriban asilimia 40 baada ya wiki moja. Waliosoma kipindi kimoja kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika walichokumbuka, walifikia takriban asilimia 61. Mtoto afunge kitabu, aandike anachokumbuka, ndipo afungue ajisahihishe.

Rejista na karatasi ya mtihani

Watafiti wa Chicago, Marekani, waligundua kwamba mwanafunzi anayeumaliza mwaka wa kwanza wa sekondari bila kuachwa nyuma ana uwezekano wa kuhitimu katika miaka minne mara 3.5 ya aliyeachwa nyuma. Mahudhurio huchangia sana. Kipimo kinachotumika sana cha hatari ni kukosa asilimia 10 ya siku. Kwa muhula wa wiki 13, hizo ni siku 6 au 7. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara tatu, siku mbili mbili, tayari amefika hapo, na hakuna aliyejumlisha, kwa sababu kila mara zilikuwa "siku mbili tu". Mwalimu wa darasa ajumlishe kila Ijumaa. Ikifika siku ya nne, mzazi apigiwe simu, na mpango wa kulipa karo kwa awamu uandikwe na kutiwa sahihi kabla mtoto hajatumwa tena langoni. Fomu ya basari ijazwe mapema, deni lisingojewe likue.

Upande wa masomo, hisabati ndiyo inayowavunja moyo wengi. Kwa waliobaki katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni ya 2027, karatasi moja ni alama 100 kwa saa 2 na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Ya pili ina maswali 8, mtahiniwa achague 5, kila moja alama 10. Kosa tunaloliona sana ni mwanafunzi kung'ang'ania swali moja la alama 3 kwa dakika 15, muda ambao ungetosha swali zima la sehemu ya pili.

Karatasi ikirudi, kila alama iliyopotea iandikiwe herufi pembeni kwa penseli: J kwa asichokijua, H kwa hesabu iliyoteleza, S kwa swali lililosomwa vibaya, M kwa muda ulioisha. Mwenye 38 ambaye alama zake nyingi zimepotelea M na H hana haja ya tuisheni ya silabasi nzima. Anahitaji mazoezi ya saa na kuonyesha njia hatua kwa hatua, kwa kuwa njia nayo ina alama zake, hata jibu likikosewa. J zikizidi, hapo ndipo atafutiwe mwalimu, kwa mada hizo tu.

Mtoto akisema haoni faida ya kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, suala si la masomo tena. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya 116 ya watoto ni bure.

Kuhama

Kuna kuhama kwa hiari na kuna kusukumwa. Mzazi akiambiwa kwa mdomo "mtafutie shule nyingine" kwa sababu ya alama, aombe barua yenye sababu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumrudisha mtoto darasa au kumfukuza. Hata mtovu wa nidhamu hafukuzwi kabla njia nyingine zote hazijajaribiwa, na yeye na mzazi wake hawajasikilizwa. Barua isipotoka, aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Kuhamia shule ya kutwa karibu na nyumbani si aibu, na kwa mtoto asiyelala bwenini au anayedaiwa kila wiki huenda ndiyo dawa. Lakini asubiri muhula ufungwe, apate nafasi kwa maandishi kwanza ndipo achukue cheti cha kuondoka, na athibitishe kwamba shule mpya inafundisha masomo yake matatu ya kuchagua. Asipolithibitisha hilo, atajikuta ameanza somo jipya Gredi ya 11, nyuma ya darasa zima kwa mwaka mmoja.