Je, wajua kwa nini kupeleka kontena kwa lori kutoka Mombasa hadi Kampala ni ghali kuliko kuliteremsha kutoka Kampala hadi Mombasa?

Kwa miaka mingi nilijibu swali hili bila kusita: ni mlima. Mombasa iko baharini, Kampala iko juu kwa mita 1,200 hivi, na lori lililopakia hunywa dizeli likipanda. Hata lugha iliniunga mkono, maana tunasema kupanda bara na kuteremka pwani.

Barabara yenyewe haina habari na misemo hiyo. Hupanda hadi Nairobi, hutumbukia Bonde la Ufa, hupanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ndipo iteremke kuelekea Malaba, mpakani mwa Uganda. Anayetoka Kampala na kahawa naye ana Timboroa yake ya kupanda. Mlima hula dizeli, sikatai, ila hauelezi pengo la bei, na kilomita ni zilezile kwenda na kurudi.

Jibu nililipata kwenye matatu. Wiki ya Krismasi nauli ya Nairobi kwenda Kisumu hupaa, ingawa Kisumu haijasogea. Gari litarudi na viti vitupu, hivyo abiria wa kwenda analipia na kurudi. Akitokea mtu Kisumu anayetaka kuja Nairobi, makanga atampakia kwa bei ya chini, kwani gari lilikuwa linarudi tu. Januari mambo hugeuka.

Kwa malori ya njia hii, Januari haifiki. Ngano, vyuma na mitumba hupanda kwa wingi. Kahawa na chai zinazoshuka haziwezi kujaza malori yote. Tofauti ni kubwa kiasi gani? Hutegemea msimu na mkataba.

La ajabu ni kwamba mwenye lori wakati mwingine huukataa mzigo wa kurudi. Kontena mara nyingi ni mali ya kampuni ya meli, na muda uliopangwa wa kulirudisha ukipita, kila siku ina malipo yake. Kungoja magunia siku 3 kunaweza kumeza faida yote, huku safari nyingine ikimpita.

Lori la mafuta halina hata la kuchagua, maana hakuna atakayemimina kahawa tangini. Ukinunua petroli Kampala iliyopakiwa Eldoret, umelipia pia safari ya tangi tupu kurudi Eldoret.