Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani

Wazazi na walimu wengi huogopa kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua, wakidhani swali lenyewe litamtia wazo hilo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kwamba kuuliza hakuchochei. Huweza hata kumpunguzia wasiwasi na kumpa nafasi ya kusema. Kinachomfunga mdomo ni aibu: anaogopa kuitwa kichaa, au kuambiwa anadeka tu. Basi muulize mkiwa wawili, bila kuzunguka: “Umewahi kufikiria kujiua?” Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Tafadhali, usimkatize kwa mawaidha. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu karibu naye, umpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.