Risasi, ganda na kichwa: neno moja lililobebeshwa vitu vinne

Juma lililopita tulikuwa barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya Isha, kahawa chungu ikizunguka, nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa wangu aliye Pennsylvania. Huko Marekani kuwinda kwa leseni ni jambo la kawaida, na wenzake wa kazini wamemwalika kuwinda paa mwisho wa Novemba. "Asalam alaikum, mjomba. Nataka kununua bunduki lakini naambiwa nichague risasi kwanza. Kwani risasi si risasi tu?"

Niliufungulia sauti wenzangu wasikie. Mzee wetu mmoja, mtu wa busara ambaye maneno yake nayaheshimu, akakata shauri papo hapo: "Mwambie asijichoshe. Risasi ni risasi, yaingia bunduki yoyote, bora upana ulingane."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na nadhani kosa si la mzee. Ni la neno lenyewe. Kwa hivyo nalieleza.

Risasi nzima, ile unayoishika mkononi kabla haijapigwa, ina vitu vinne. Ganda, kwa kawaida la shaba ya njano. Baruti ndani ya ganda. Fataki kitakoni, inayogongwa na kuiwasha baruti. Na kichwa, kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Vingine vinaungua au vinabaki nyuma. Hiyo ndiyo maana yake, wala haihitaji maelezo marefu.

Kinachohitaji maelezo ni kwa nini vitu vinne vina jina moja. Risasi ni neno la Kiarabu, *rasas*, na maana yake ya asili ni madini: yale mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka hata kwenye jiko la makaa. Wavuvi wetu wanayajua vizuri kuliko mtu yeyote, maana chubwi la mshipi hutengenezwa kwayo. Utotoni niliwahi kuchuchumaa pwani nikamtazama mvuvi akiyeyusha vipande vya risasi ndani ya kopo la maziwa, kisha akimimina kwenye tundu alilochimba mchangani. Kikapoa kikawa kidonge kizito kinachong'aa, na baada ya muda kikafifia rangi. Yule mvuvi alikuwa akitengeneza risasi kwa maana kamili ya neno, na hakukuwa na bunduki hata moja karibu. Wanaosoma Kurani wataukumbuka mzizi huohuo katika Sura As-Saff, aya ya 4, *bunyanun marsus*, jengo lililoshikamana. Wako wafasiri waliosema ni jengo lililoungwa kwa risasi.

Enzi za magobori kila kitu kilikuwa mbali na mwenzake, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akashindilia tambara, akatia risasi, yaani lile donge la madini, kisha akaweka fataki nje, mahali nyundo inapogonga. Mtu akisema risasi, alisema kweli: ni donge tu. Karne ya 19 wenye viwanda wakavifunga vyote pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Lugha ikahitaji jina la kifurushi kile, nasi tukakipa jina la kiungo kimoja. Fataki nayo tukaihamishia kwenye sherehe za Idi na za mwaka mpya, hata leo kijana akiambiwa kila risasi ina fataki, hushangaa.

Silaumu. Lugha nyingi hufanya hivyo. Lakini jina la kiungo likivishwa mwili mzima, watu huanza kudhani mwili wote ni kile kiungo, na hapo madhara huanza.

La kwanza nimeliona kazini. Mimi ni mkalimani wa mahakama, na nilipokuwa najifunza nilikaa nyuma ya chumba nikisikiliza mtaalamu wa silaha akieleza kwa Kiingereza kwamba mahali pa tukio walikuta maganda matatu matupu na kichwa kimoja. Aliyekuwa akitafsiri akasema, "risasi nne". Mshtakiwa akaruka: "Nne zatoka wapi?" Alikuwa na haki. Maganda matatu ni milio mitatu, na kile kichwa ni cha mmoja kati ya milio hiyo. Neno moja liliongeza mlio mzima kwenye ushahidi. Hakimu alisimamisha, ikarekebishwa, lakini tangu siku hiyo sijawahi kulitamka neno risasi bila kujiuliza nasema ipi.

La pili liko Mombasa hapahapa. Kule Owino Uhuru, kijiji kilichokaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto waliathirika kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Habari zilipotangazwa kwa Kiswahili, nilikutana na watu wazima, wasomi, waliodhani watu wa kule walipigwa risasi. Mama mmoja sokoni aliniuliza polisi walifuata nini. Hilo liliniumiza, kwa sababu sumu ya madini haya huingia kimya kimya kwenye damu ya mtoto, na mtu asiyejua kinachosemwa hawezi kumkinga wake.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na paa wake. (Paa wa huko si paa wetu, nalo nalisema haraka: wale huangusha pembe kila mwaka zikaota upya, za paa na kulungu wetu wa Shimba Hills zikishaota hubaki zilezile mpaka kufa kwao. Na huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.)

Mzee alisema bora upana ulingane. Sikiza. Kuna risasi inaitwa .30-30 Winchester, ya mwaka 1895. Kuna .30-06 Springfield, iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hiyo "06" ndiyo mwaka wake. Kuna .308 Winchester, ya mwaka 1952. Zote tatu vichwa vyao vina kipenyo kilekile, milimita 7.82. Lakini ganda la .30-06 lina urefu wa milimita 63 na la .308 ni milimita 51, na la .30-30 lina umbo jingine kabisa. Ukitia isiyo yake kwenye bunduki, heri yako isipoingia. Ikiingia na ikalipuka ndani ya chemba, yaani pale ganda linapokaa, isiyoikamata vizuri, ganda linaweza kupasuka usoni pako. Upana umelingana, na mtu ameumia.

Na kinyume chake pia kipo. .243 Winchester, ya mwaka 1955, ni ganda lilelile la .308 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba zaidi. Ganda ni la familia moja, kichwa ni tofauti, na kazi ni tofauti: .243 ina teke dogo, inamfaa mtu anayeanza; .308 hutupa kichwa kizito zaidi na hupatikana karibu kila duka. Kwa paa wa msituni, anayepigwa kwa umbali wa mita mia moja hivi, zote mbili zinatosha kabisa mikononi mwa mtu aliyefanya mazoezi. Uingereza walilielewa jambo hili: sheria yao ya paa ya mwaka 1991, kwa wale paa wakubwa, haikutaja kipenyo peke yake. Inataka kisipungue inchi .240, kisha inataja na nguvu ya kichwa kinapotoka mtutuni, futi-pauni 1,700 (kipimo chao cha nguvu). Upana bila nguvu haujasema kitu, na nguvu inatoka kwenye kile kifurushi kizima.

Kuhusu kununua, nilimwambia machache. Boksi la risasi za kuwindia kwa kawaida huwa na 20. Msimuni huenda akapiga moja au mbili. Nyingi zitaishia kwenye kulenga shabaha ili darubini na mtutu vipatane. Kwa hivyo anunue maboksi matatu au manne kwa mkupuo, aina moja, uzito mmoja wa kichwa, na namba moja ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, maana risasi yenye kichwa cha greni 150 na ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) hazigongi mahali pamoja hata zikitoka bunduki moja. Asingoje Novemba. Mwaka 2020 na 2021 maduka mengi ya huko yalikaukiwa, na wenye bunduki za risasi adimu waliteseka. Aziweke pakavu, pasipo joto, ndani ya boksi lake. Na asimletee mtu hata moja kama zawadi: hapa Kenya, kushika risasi bila cheti ni kosa, hata ikiwa moja.

Nikamwomba jambo moja zaidi. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu, visivyo na chembe ya madini ya risasi ndani yake, na California imelazimisha wawindaji wote kutumia vichwa visivyo na madini hayo tangu Julai 2019. Kichwa cha madini ya risasi kikigonga mfupa huvunjika vipande vidogo visivyoonekana, vikatawanyika ndani ya nyama. Yeye ana watoto wawili wadogo, na nyama ya paa huyo italiwa nyumbani. Anunue risasi zisizo na risasi. Ukiufahamu uzazi wa neno, utaona sentensi hiyo haijipingi.

Mzee wangu, kwa heshima zote, upana ulioutaja ni sehemu ya kweli. Tuendelee kuiita risasi, sisi na watoto wetu. Ila tukitaja kinachoruka tuseme kichwa cha risasi, kinachobaki tuseme ganda, yale ya Owino Uhuru tuseme madini ya risasi, na mtu akituuliza bunduki hii yala risasi gani, tusimjibu kwa tarakimu pekee.

Jana mpwa wangu amenitumia picha ya ubavu wa mtutu wa bunduki aliyoichagua. Pamechongwa 308 WIN, yaani .308 Winchester. Akaandika chini yake, "Mjomba, ni ya 308." Nimemjibu asome na lile neno la pili, kisha alitafute jina lote, hivyohivyo, kwenye boksi na kwenye kitako cha ganda kabla hajalipa.